Sijawahi Kushtakiwa, Ila Chuoni Nafundishwa Kama Kesi

"Samahani mzee, wewe ndiye ile kesi?"

Swali hilo lilinikuta nimeinama natia mafuta cherehani. Saa nne asubuhi. Nikainua uso, nikaona vijana watatu wamesimama mlangoni, wote suti nyeusi, kama wanaenda kumzika mtu mwenye cheo.

Nikajua ni wateja. Mmoja wao koti lilikuwa limemmeza mpaka vidole havionekani.

"Kesi gani?" nikauliza.

Wakatazamana, wakacheka. Kile kicheko cha mtu aliyekutana na mchezaji mpira maarufu kwenye foleni ya maji.

"Ni yeye! Si niliwaambia ni yeye?"

Kisha, haki ya Mungu tena, wote watatu wakasimama wima, wakatamka kwa pamoja kama watoto wanaokariri jedwali:

"Fundi hawajibiki kwa mwili uliobadilika baada ya kipimo!"

Mkebe wa mafuta ukanidondoka.

Naandika haya kwa sababu mtaani kwetu watu wanayasimulia vibaya, kila mmoja anaongeza chumvi yake. Mimi ni fundi cherehani. Nashona suti za kiume, na magauni kama mteja hana haraka. Mwaka wa ishirini na sita huu nipo kwenye chumba hichohicho: mlango mmoja, dirisha moja, kioo kirefu chenye ufa kwa chini. Sijawahi kumshtaki mtu. Sijawahi kushtakiwa. Mahakamani, kabla ya haya, sikuwahi kuingia hata kujikinga mvua.

Lakini vijana wale walinipa simu, nikavaa miwani, nikasoma.

Jina langu lilikuwepo. Yote matatu, mpaka la babu. Kazi yangu ipo. Mtaa wangu upo. Na juu yake, kwa herufi nene: HUKUMU.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Bwana harusi mmoja alikuja kwangu kupimwa suti. Kati ya kipimo na harusi, akanenepa. Siku ya harusi akapiga magoti mbele ya wakwe, suruali ikapasuka kutoka huku mpaka kule. Bibi harusi akacheka. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka ndoa ikavunjika palepale. Bwana harusi akanipeleka mahakamani. Majaji saba wakasema sina kosa.

"Tunakusoma mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu," alisema yule wa koti kubwa. "Mhadhiri anasema wewe ni nguzo."

Nguzo ya nini, sikuuliza. Wakapiga picha na mimi, wakapiga na cherehani, wakaondoka bila hata kupunguza lile koti.

Mlango wa pili kutoka kwangu yupo fundi simu. Huyo hapitwi na habari. Nilidhani nikimweleza atacheka. Hakucheka.

"Huyo ni Msomi," akasema.

"Msomi nani?"

Akanifungulia habari kwenye simu, akanisomea. Chuo cha Sheria chazindua Msomi, kompyuta inayojua kila hukumu iliyowahi kutolewa nchini. Kwenye picha wakubwa wanakata utepe, na kando ya kompyuta amesimama mhadhiri mmoja mwenye tai nyekundu, anatabasamu kama baba aliyepata mtoto leo asubuhi. Habari ikaendelea kusema kwamba wanafunzi hawatahangaika tena kupekua mafaili yenye vumbi. Unamuuliza Msomi, Msomi anakujibu.

"Kila hukumu?" nikauliza.

"Kila hukumu."

"Na mimi nimo."

"Basi ulishtakiwa, jirani," akasema, tena kwa sauti ya kunipa pole. "Labda ulisahau."

Jamani. Mtu unasahau mwavuli. Unasahau maji jikoni mpaka sufuria inaungua. Unasahau majaji saba?

Nyumbani ndiko kulikowaka zaidi. Mke wangu alishaletewa habari kabla sijavua viatu.

"Baba watoto, ulishtakiwa lini?"

"Sijashtakiwa."

"Kompyuta ya chuo inasema ulishtakiwa."

"Kompyuta ya chuo hainijui."

"Inakujua mpaka jina la babu yako, ambalo mimi nililisikia siku ya kufunga ndoa." Akakunja mikono. "Mwanaume anayeweza kunificha majaji saba, anaweza kunificha nyumba nzima yenye mke na watoto."

Siku tatu nikajipikia chai mwenyewe.

Sasa utadhani kushinda kesi kungeniletea wateja. Thubutu! Mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alikuja na kitambaa kizuri cha kijani. Nikamzungushia futi kiunoni. Akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, fundi. Na nikinenepa?"

"Nitakuachia pindo kwa ndani. Tutafungua."

"Na ikipasuka?"

"Haipasuki, mama."

"Ila ikipasuka siwezi kukushtaki, si ndiyo? Umeshajengewa ukuta na majaji saba."

Akakunja kitambaa chake, akavuka barabara kwa fundi wa upande wa pili, ambaye, tuseme ukweli, aliwahi kushona koti lenye mikono miwili ya kushoto. Lakini huyo anashtakika.

Mafundi wenzangu, wao walikuja kunishukuru. Mmoja alinikumbatia, akasema nimewapigania. Nikamjibu karibu. Ningesema nini?

Nifike sasa penye maumivu.

Nina binti mmoja, na anasoma sheria. Chuo hichohicho, mwaka wa tatu, anakaa bwenini. Jumamosi moja akaja dukani na bahasha, akaketi kwenye kigoda karibu na meza ya kukatia, pale alipokuwa akikaa tangu anatambaa.

"Baba, nimepata sifuri."

Huyu mtoto hajawahi kupata sifuri hata kwenye kuchora, na kuchora hajui kabisa.

Akanionyesha karatasi. Swali lilisema: Jadili hukumu ya Fundi Cherehani na umuhimu wake kwa taifa. Alama arobaini. Wenzake walijaza kurasa nane. Yeye aliandika mistari miwili: "Kesi hii haipo. Fundi huyo ni baba yangu mzazi, na hajawahi kushtakiwa na mtu yeyote."

Pembeni, kwa wino mwekundu: "Mwanafunzi anabishana na sheria kwa sababu za kifamilia."

Kama sifuri ile ingebaki, hahitimu. Anarudia mwaka mzima. Alikuwa amekata rufaa, na kamati ingekaa baada ya siku kumi. Lakini walitaka ushahidi.

"Ushahidi gani?"

"Hati ya kuonyesha kwamba hukushtakiwa."

"Nitaitoa wapi hati ya kitu ambacho hakikutokea?"

Alikuwa anachezea kopo la vifungo, anavimimina mkononi, anavirudisha. Machoni hanitazami. Nikadhani ni aibu ya ile sifuri.

"Usihofu," nikamwambia. "Mimi nipo hai, nina akili zangu, na ninajua kwamba sijashtakiwa. Nitawaeleza, na yataisha."

Jumatatu nikafunga duka, nikaenda masijala ya mahakama. Chumba kirefu, mafaili yamepangwa mpaka darini, feni inazunguka kama imelazimishwa. Karani alikuwa mtu mpole, mhuri mkononi.

"Naomba hati ya kesi," nikasema.

"Namba ya kesi?"

"Haina namba. Haipo."

Akaweka mhuri chini taratibu.

"Mzee wangu, hapa tunatoa nakala za kesi zilizopo. Zisizokuwepo hatujazipanga."

"Nataka mniandikie tu kwamba haipo."

"Nitajuaje kwamba haipo?"

"Itafute. Ukiikosa, haipo."

"Nikiikosa, maana yake nimeikosa." Akanionyesha rafu kwa kidevu. "Kuna kesi hapa naikosa mwaka wa tisa sasa, na mwenyewe anakuja kila Ijumaa kunisalimia."

Nikamweleza yote: bwana harusi, suruali, Msomi, binti yangu. Alinisikiliza vizuri sana. Akafikiri. Akasema kuna njia moja ya kisheria. Mtu anayetaka mahakama itamke kwamba hakushtakiwa, anafungua shauri.

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya yule ambaye hakukushtaki."

"Si watu wote hao?"

"Ndiyo. Itabidi wote wapelekewe hati za wito."

Nilikaa kwenye benchi. Nikamwomba maji. Nadhani alinihurumia, maana aliingia ndani kwenye mafaili, akakaa kama nusu saa, akatoka ana utando wa buibui kwenye nyusi. Akachukua karatasi, akaandika maneno mawili, akapiga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Faili halikuonekana.

Niliibeba karatasi ile kifuani kama mtu aliyepewa hati ya nyumba.

Siku ya kamati nilivaa suti yangu mwenyewe, ya kijivu, ambayo huwa naitundika dirishani watu waone kazi. Binti yangu alinisubiri getini. Njia nzima alitembea hatua moja nyuma yangu. Nikamwambia anyooshe kola.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji na kiyoyozi kikali. Walikuwa watu watatu tu. Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba, ambaye pia ni wakili mjini. Katibu wa kuandika. Na yule mhadhiri wa kwenye picha, tai nyekundu ileile. Ukutani kioo kikubwa cha kompyuta: Msomi mwenyewe.

"Taja uhusiano wako na kesi hii," akasema katibu.

"Mimi ndiye kesi."

Akaandika.

Nikatoa karatasi yangu. Mwenyekiti akaisoma, akampa mhadhiri. Mhadhiri akaisoma mara mbili, kisha akapiga meza kwa furaha.

"Halikuonekana! Mnasikia? Kitu ambacho hakikuwepo hakiwezi kutoonekana. Faili limepotea. Kwa hiyo lilikuwepo!"

Katibu akaandika na hilo.

Siku zote hizo nilikuwa natembea na ushahidi dhidi yangu mwenyewe, umepigwa mhuri.

"Tumuulize Msomi," akasema mhadhiri. Akaigeukia kompyuta. "Je, kesi ya fundi cherehani ipo?"

Sauti laini ikatoka ukutani, kama ya mtangazaji wa redio: "Ndiyo. Ni hukumu maarufu sana. Tunampa pole fundi kwa usumbufu wa suruali."

"Asante," nikajikuta nimejibu.

Mwenyekiti akanitazama kwa huruma. "Mzee, umri ukisogea mambo yanapotea kichwani, si dhambi. Labda ukiisoma hukumu yenyewe utakumbuka." Akamwambia katibu aichapishe. "Maana hata mimi, kusema kweli, nimesoma muhtasari tu."

"Muhtasari unatosha," akasema mhadhiri haraka. "Umeandaliwa vizuri."

Kurasa mbili zikatoka. Nikapewa. Nikavaa miwani, nikasimama, nikaanza kusoma kwa sauti.

"Mahakama ilikaa chini ya majaji saba, mmoja wao akiwa na mafua."

Mwenyekiti akainua nyusi.

"Wakili wa bwana harusi aliongea sana mpaka akachoka, akakaa. Jaji wa nne alikohoa kuonyesha kwamba anakubali."

"Endelea," akasema mwenyekiti, lakini sauti ilikuwa imebadilika.

"Ndipo jaji mkubwa akasema: Nguo haijahama. Mwili ndio umehama."

Hapo nikaurudia mstari ule kwa macho.

Maneno hayo ni yangu. Si ya jaji yeyote. Nimeyasema kwa wateja tangu binti yangu anachezea mabaki ya vitambaa miguuni pangu. Kila mtu akileta suruali aliyoshonewa miaka mitatu nyuma, anilaumu kwamba imembana, namwambia hivyo, tunacheka, namfungulia pindo. Jaji gani huyo anaongea kama mimi?

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikashuka kwa macho mpaka mwisho wa ukurasa wa pili. Mstari wa mwisho kabisa wa hukumu ya majaji saba ulisema hivi:

"Mwalimu, samahani kwa mwandiko, kalamu ilikuwa inavuja."

Wewe unayesoma, fikiria uko pale. Sekunde mbili tu. Kama kesi ile ilikuwepo, mwanangu anabaki na sifuri, anarudia mwaka. Kama haikuwepo, watauliza nani aliitunga. Na mtu aliyetunga hukumu ya uongo ya mahakama harudii mwaka. Huyo anafukuzwa, pengine na polisi wanamsubiri nje.

Nikazikunja karatasi mara nne.

"Inatosha," nikasema. "Nimekumbuka. Nilishtakiwa."

Mhadhiri akatoa pumzi ndefu. Katibu akainua kalamu.

"Ulishtakiwa?" akauliza mwenyekiti.

"Sana. Majaji saba. Yule wa mafua namkumbuka vizuri, alikuwa anapenga kila saa."

"Na bwana harusi?"

"Mnene. Mnene kweli. Akilia."

"Naomba hizo karatasi, mzee."

"Zimelowa jasho, mama."

"Baba, kaa."

Ni binti yangu. Alikuwa amesimama, na sauti yake imenyooka. Sikuwahi kumsikia akiniambia kaa. Nikakaa.

"Baba yangu anadanganya," akasema, "na hajui kudanganya, mnamwona. Hukumu hiyo niliandika mimi. Mwaka wa kwanza tulipewa zoezi: tunga mgogoro, kisha utoe hukumu. Nilitumia jina la baba. Ikakusanywa, nikaisahau. Mwaka huu nikaikuta kwenye Msomi, imekuwa sheria."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya zamani yenye madoa ya wino. Ilikuwa imesahihishwa. Alama thelathini na nane kwa mia. Na kwa mwandiko ambao sote tuliujua, maana ndio ulioandika ile sifuri: "Dhaifu sana. Hakuna mahakama yenye akili timamu ingeamua hivi."

Mwenyekiti akaisoma. Akaisogeza mbele ya mhadhiri kwa kidole kimoja.

"Huu ni mwandiko wako?"

Mhadhiri akalegeza tai.

"Kwa nini hukusema mapema?" mwenyekiti akamuuliza binti yangu.

"Niliogopa mtasema nimeghushi. Nikaandika tu kwamba haipo, nikidhani mtaenda kuangalia. Hakuna aliyeangalia."

Ikabidi mhadhiri aeleze. Kwamba mahakama iliwaambia wasubiri kibali cha kuchukua hukumu, na kibali kingechukua mwaka mzima. Kwamba tarehe ya uzinduzi ilishatangazwa na utepe ulishanunuliwa. Kwamba kwenye kabati la ofisi yake kulikuwa na marundo ya makaratasi, na kila moja limeandikwa juu yake "Hukumu". Akawapa watu wa kupiga chapa wayaingize yote.

"Hukuyasoma?"

"Yalikuwa maelfu."

"Lakini ulikuwa umeshayasahihisha," akasema binti yangu.

Nilitamani kupiga makofi. Nikajizuia.

Mwenyekiti akaigeukia kompyuta. "Msomi, una hukumu ngapi?"

"Elfu sita na mia nne," ikajibu kwa fahari.

"Ngapi zimetoka mahakamani?"

Sauti laini ikarudi: "Hilo ni swali zuri sana."

Katibu akaacha kuandika.

Nikadhani yameisha hapo. Nikaanza kutafuta kofia yangu. Lakini mwenyekiti alikuwa amevua miwani, ameshika paji la uso kwa mikono miwili.

"Kuna jambo," akasema. "Muhula huu nilimtetea fundi seremala. Alitengeneza mlango, mvua zikanyesha, mlango ukavimba ukakataa kufunga. Mteja akamshtaki. Mimi nikamuuliza Msomi, nikapeleka mahakamani hii kesi ya fundi cherehani." "Jaji aliikubali. Jaji wa kweli. Kwenye hukumu yake ameandika: fundi hawajibiki kwa mlango uliobadilika baada ya kipimo. Nikashinda."

Tukatazamana wote wanne. Katibu, wa tano, akafunga daftari kabisa.

"Kwa hiyo," akasema mhadhiri, na rangi inamrudia usoni, "sasa ni sheria!"

"Ni lini jaji alisoma hukumu hiyo?" akauliza binti yangu.

"Jumatatu."

"Na mtihani ulikuwa Alhamisi ya wiki hiyohiyo."

Basi wakaanza kubishana. Saa nzima. Mhadhiri anasema siku ya mtihani kanuni ilikuwa imeshaishi siku tatu, kwa hiyo jibu la kusema haipo ni kosa. Mwenyekiti anasema kanuni ipo lakini kesi haipo, na swali liliuliza kesi. Binti yangu anauliza kama kivuli kinaweza kutangulia kuwepo, mwili wake ukafuata baadaye. Mimi niko pale nahesabu vifungo vya koti la katibu, kimoja kilikuwa kinaning'inia.

Mwisho wakaamua. Wakampa alama ishirini kati ya arobaini, kwa maelezo kwamba siku ya mtihani kesi ilikuwa nusu ipo.

Ishirini zilimtosha kufaulu. Ila walimpa na barua ya onyo, kwa kuwa katika jibu lake hakutaja chanzo, na chanzo ni yeye mwenyewe.

Nikanyoosha mkono. "Na mimi? Niambieni nikamweleze mke wangu. Nimeshtakiwa au sijashtakiwa?"

Mwenyekiti akafikiri kweli, kama wakili.

"Kisheria, mzee, hukushtakiwa," akasema. "Ila ulishinda."

Tulirudi kwa miguu, mimi na binti yangu. Jua la saa tisa, makoti tumeyatundika mabegani. Hasira nilikuwa nayo, sifichi. Siku kumi alinitazama nikihangaika, akanyamaza. Nikamwambia hivyo. Alilia kidogo, akaniomba radhi, nikampa kitambaa cha mfukoni.

"Sasa kwa nini mimi?" nikamuuliza. "Majina yote ya dunia hii, ukachagua la baba yako?"

Akajifuta pua.

"Zoezi lilisema tuchague mtu wa kumshtaki. Wenzangu waliandika matapeli na majambazi. Mimi nikataka mtu ambaye hata majaji saba wakimgeuza juu chini hawamkuti na kosa. Sikumjua mwingine."

Nikajifanya nakohoa. Tukaendelea kutembea.

Wiki iliyofuata fundi simu alinisomea habari mpya. Mwanafunzi wa Chuo cha Sheria atunga kanuni iliyokubaliwa na mahakama. Msomi apongezwa kwa kuigundua. Picha ni ya mhadhiri, na tai mpya. Chini kabisa walisema sasa kila jibu la Msomi litakuwa na onyo dogo: thibitisha kabla ya kutumia. Binti yangu ananiambia wanafunzi walimuuliza Msomi kama kweli wathibitishe. Akawajibu hakuna haja.

Na mke wangu? Nilimweleza yote mwanzo mpaka mwisho. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo yule bwana harusi hakupata mke mwingine?" Nikamwacha aendelee kumhurumia.

Mimi si adui wa mashine. Nimekula kwa mashine maisha yangu yote, ila yangu haijawahi kuniambia imeshona nguo ambayo haikushona. Ninachowaomba wenye vyuo, wenye mahakama na wanaotuandikia habari ni kidogo tu. Mkituambia kuna kitu kinajua yote, tuambieni pia nani alikilisha, na kama alisoma alichokilisha. Na wewe uliye na mtoto chuoni, siku akikuletea sifuri, usianze kugomba. Omba karatasi nzima uisome, mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule ambao wenye vyeo huwa hawaufikii. Huenda ukamkuta mtoto wako yuko pale, peke yake, anawaomba radhi kwa mwandiko.